KUHESABU NDEGE WA ZIWANI

Somo la redio kwa watu wazima. Wanaosikiliza pamoja darasani wawe na daftari, penseli, sinia moja, kitambaa, na maharage makavu vikombe viwili.

MWALIMU: Juma lililopita tulijifunza kupima mvua kwa kopo, nami niliwaambia kwamba kopo lenyewe si kitu. Kazi yote ni kulisoma kila siku saa ile ile na kuandika ulichokiona, hata siku ambayo halina tone. Liwekeni neno hilo akilini, maana leo litatufaa tena. Somo la leo ni kuhesabu ndege. Nimekaa hapa na Mzee mmoja, mvuvi wa Ziwa Naivasha, aliyekubali kuja kuuliza yale ambayo ninyi mngeuliza kama mngekuwapo. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nianze na swali langu mapema, lisije likanipotea. Ndege wa ziwani nawaona tangu utoto wangu. Wapo. Sasa kuwahesabu kutanipa nini?

MWALIMU: Hilo neno lako "wapo" ndilo tutakalolichungua. Mtu akiona ndege watatu husema wapo. Baba yake aliona thelathini, naye alisema wapo. Kitu kinachopungua pole pole hakipigi kelele, na kila mtoto anayezaliwa hudhani kwamba hali aliyoikuta ndiyo hali ya siku zote. Nitakupa mfano wa hapa hapa Kenya. Kati ya mwaka 1970 na 1977 wataalamu walipita katika barabara za nchi hii kwa gari, wakiandika kila tai, kila tumbusi na kila mwewe waliyemwona, pamoja na umbali waliokwenda. Kisha barabara zikapitwa na kuhesabiwa tena kati ya 2003 na 2020. Habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2022. Katika aina 22 za ndege hao zilizolinganishwa, aina 19 zilikutwa zimepungua, na nyingi zimepungua vibaya.

MZEE: Aina 19 katika 22! Wamekwenda wapi?

MWALIMU: Wengine wameuawa na sumu. Mfugaji akiliwa ng'ombe na simba hutia sumu katika mzoga ili amkomoe simba, na tumbusi mia wanashuka kula kabla ya simba kurudi. Wengine wanakufa kwa nyaya za umeme, na wengine wamekosa mahali pa kujenga viota. Lakini sikiliza jambo ninalolitaka mimi: kama wale wa mwaka 1970 wasingeandika, leo tungekuwa tunabishana tu. Wewe ungesema zamani walikuwa wengi, kijana angesema Mzee anaota, na kusingekuwa na wa kuamua.

MZEE: Hapo umenishika. Nami nimewahi kuambiwa naota.

MWALIMU: Basi tuendelee. Kazi ya kuhesabu ndege kwa mikono ya watu wa kawaida, wasiolipwa, ina umri mkubwa. Huko Marekani palikuwa na desturi siku ya Krismasi: watu hugawanyika makundi, huingia porini na bunduki, na jioni wenye rundo kubwa la ndege na wanyama waliouawa ndio washindi. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege aitwaye Frank Chapman, wa jumba la makumbusho huko New York, aliwaomba watu watoke siku ile ile, ila badala ya kupiga wahesabu. Waliomwitikia walikuwa watu 27, katika mahali 25. Kazi hiyo haijakatika tangu siku hiyo, na sasa hufanywa na makumi ya maelfu ya watu kila mwaka. Hesabu za namna hiyo, pamoja na nyingine, ndizo zilizotumika mwaka 2019 kuonyesha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3 tangu mwaka 1970. Tena wengi katika waliopotea hawakuwa ndege adimu. Walikuwa ndege wadogo wa mashambani na vichakani, wale ambao mtu hapotezi wakati kuwatazama.

Sasa turudi kwetu. Ndege wa maji wana hesabu yao wenyewe. Ilianza mwaka 1967 katika nchi za kaskazini, na Afrika ikaingia mwaka 1991. Hufanywa hasa mwezi wa Januari. Kwa nini Januari, Mzee?

MZEE: Labda kwa kuwa jua ni kali na njia ni kavu.

MWALIMU: Njia kavu ni faida, sikatai. Lakini sababu kubwa iko mbali. Yule ndege mdogo akimbiaye ukingoni mwa maji, kitwitwi, unayemwona Nakuru au katika matope ya Mida kule karibu na Watamu, huenda ameanguliwa Siberia. Huko mwezi wa Januari nchi yote ni barafu. Amekimbia baridi, amekwisha fika kwetu, ametulia, wala hajaanza safari ya kurudi. Ukimhesabu Oktoba utamkuta njiani. Ukimhesabu Aprili utamkuta njiani tena. Mtu anayetaka kujua idadi ya watu wa nyumba huwahesabu usiku wamelala, hawahesabu asubuhi wanapopishana mlangoni.

Na kuna sababu ya kuhesabu maziwa mengi kwa siku chache zile zile. Mwangalie heroe, yule ndege mwekundu wa maji ya magadi. Heroe mdogo hula mwani mdogo sana unaoota katika maji ya magadi, na mwani ukipungua anaondoka. Husafiri usiku. Leo yuko Nakuru, kesho asubuhi yuko Bogoria. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda kupita kiasi. Nakuru yalifunika hata lango kuu la mbuga, likabidi lihamishwe. Maji matamu ya mvua yalipozidi, magadi yakawa mepesi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaenda zao. Mtu aliyesimama Nakuru peke yake angesema heroe wamekwisha. Aliyesimama Bogoria wakati ule angesema heroe wamezidi. Kila mmoja angekuwa ameona kweli kwa macho yake, na kila mmoja angekuwa amekosea.

MZEE: Kama vipofu na tembo.

MWALIMU: Ndivyo hasa. Ndiyo maana kundi moja huwa Nakuru, jingine Elementaita, jingine Naivasha, jingine Bogoria, kwa siku zinazokaribiana, na hesabu zao hukusanywa mahali pamoja. Katika Kenya kazi hiyo huongozwa na Makumbusho ya Taifa, pamoja na Shirika la Wanyamapori na chama cha Nature Kenya, na watu wa kujitolea ndio huwa macho na miguu.

MZEE: Mwalimu, hapo niruhusu nikukatize. Nina neno ambalo wenzangu wavuvi wamenituma. Sisi tunaogopa watu wenye darubini na daftari. Wakimaliza kuhesabu watasema ziwa hili ni la ndege, na mvuvi aondoe nyavu zake.

MWALIMU: Sitakuambia kwamba hofu hiyo haina mizizi. Watu wamekwisha kuondolewa mahali pengi kwa jina la wanyama. Lakini tuitazame sheria yenyewe, kisha uamue. Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, nchi kadhaa zilitia sahihi mapatano juu ya maziwa, mabwawa na matope ya pwani. Kenya iliingia mwaka 1990 na Ziwa Nakuru likawa la kwanza kuandikwa. Naivasha lako liliandikwa mwaka 1995.

MZEE: Mwaka 1995? Na mpaka leo navua.

MWALIMU: Mpaka leo unavua, kwa leseni, na kwa miezi ambayo uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Mapatano hayo hayasemi binadamu atoke. Yanasema maji yatumiwe kwa busara. Sasa tazama namna hesabu inavyoingia. Ziwa laweza kuandikwa kama likiwa na ndege wa maji 20,000 mara kwa mara, au likiwa na sehemu moja katika mia ya ndege wote wa jamii fulani. Haya, wenye penseli, fanyeni hesabu hii nami. Tuseme jamii fulani ya bata ina ndege 40,000 jumla. Sehemu moja katika mia ni ngapi?

MZEE: Mia nne.

MWALIMU: Mia nne. Basi kibwawa ambacho kila mtu hukidharau, chenye bata 400 wa jamii hiyo karibu kila mwaka, kina haki ya kutajwa katika mkutano wa mataifa. Nimesema "karibu kila mwaka". Mwaka mmoja hautoshi. Halafu siku moja anakuja mtu mwenye fedha, anataka kukikausha alime, au kuelekeza mto kwingine. Atasema hapa pana matope tu. Ukiwa na karatasi za miaka kumi utamjibu. Ukiwa huna, utapiga kelele tu. Na maji yakikauka, Mzee, atakayeondoka si bata peke yake. Mvuvi naye atakunja nyavu.

MZEE: Neno hilo nitalipeleka. Lakini nitawaambia hivi: wasikae kando wakahesabiwa ziwa lao na wageni. Waingie, wajue karatasi imeandikwa nini.

MWALIMU: Umesema vizuri kuliko mimi. Tena hesabu ya ndege humwambia mvuvi mambo ya samaki. Ziwa Nakuru zamani halikuwa na samaki, kwa ukali wa magadi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 walitiwa samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, akaanza kuja kwa maelfu kuwala. Idadi ya mwari ikibadilika, ujue huko chini ya maji kuna habari.

Haya, sasa tuingie katika kazi yenyewe. Kwanza, watu. Usiende peke yako. Mmoja hutazama na kutaja, mwingine huandika. Mwandishi hahitaji kumjua ndege hata mmoja. Ahitaji mkono safi na masikio. Kwa hiyo asiyejua majina asijitoe. Wa tatu akiwapo, atazame ardhi, hasa kwenu Naivasha, maana mwenye darubini machoni hamwoni kiboko.

MZEE: Kiboko hahesabiwi. Hukimbiwa.

MWALIMU: (Anacheka.) Pili, saa. Anzeni asubuhi, jua likiwa mgongoni kwenu. Jua likiwa usoni kila ndege ni mweusi, na hutajua bata na mnandi. Tena jua likipanda, juu ya maji ya magadi pana mazigazi, na heroe huonekana wakielea hewani, mmoja wawili. Andikeni saa mliyoanza na saa mliyomaliza, hali ya hewa, na maji yamefika wapi. Tatu, mipaka. Kila kundi hupewa kipande chake cha ukingo, toka mti huu hadi mwamba ule, na kipande hicho kisibadilishwe mwakani kwa sababu tu kile cha jirani kina ndege wazuri zaidi. Ndege wakiruka kwenda kipande cha jirani, andikeni ni wangapi na wameelekea wapi, ili jioni mkikutana wasihesabiwe mara mbili. Wala msiwakaribie hata wakaruka wote. Aliyewarusha ndege amejiharibia kazi yake na ya jirani.

Sasa majina. Mzee, wale weusi weupe wanaoogelea mbele ya mashua yako mnawaitaje?

MZEE: Sisi huwaita bata. Wote bata.

MWALIMU: Na katika hao bata mna aina nyingi, na wengine si bata kabisa ila wanaogelea kama bata. Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000, hata mabingwa hukwama. Kwa hiyo sharti liwe hili: unayemjua mwandike kwa jina, usiyemjua mwandike "bata, aina haikutambulika, 40". Karatasi za hesabu zina nafasi ya maneno hayo. Mtu asione haya. Aliyeandika hivyo ametupa kweli kamili: wapo bata 40. Aliyebahatisha jina ili aonekane bingwa ametupa uongo wenye jina zuri, na uongo huo utakaa katika vitabu miaka mingi baada ya yeye kusahau.

Sasa tufike kwenye kazi ngumu, ndege wengi kwa mara moja. Ndege kumi huhesabika. Ndege elfu saba, wengine wanalala, wengine wanatembea, wengine wamefichwa na wenzao, utafanyaje? Leteni maharage. Mzee, sinia yako iko mbele yako. Funga macho. Nitamwaga. Nikisema "tazama", utatazama mpaka nihesabu tano, kisha nitafunika kwa kitambaa. Na ninyi huko madarasani fanyeni hivyo hivyo wawili wawili.

(Maharage yanamwagwa.)

MWALIMU: Tazama. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nimefunika. Ni ngapi?

MZEE: Sitini.

MWALIMU: Andika sitini. Usifute. Sasa funua uhesabu moja moja.

(Mzee anahesabu.)

MZEE: Tisini na nne! Umeongeza nyingine chini ya kitambaa.

MWALIMU: Mikono yangu iko mezani, Mzee. Usijilaumu. Karibu kila mtu hukosea upande huo huo: kundi likiwa kubwa, jicho hulipunguza. Na kundi likizidi kuwa kubwa, upungufu huzidi. Dawa yake ni hii. Nitamwaga tena. Safari hii, usiliangalie sinia lote. Tafuta upande mmoja, hesabu punje kumi kweli kweli, uone kumi hizo zimechukua nafasi gani, kama kiganja cha mtoto au kama kisahani. Kisha ipeleke nafasi hiyo katika sinia lote: kumi, ishirini, thelathini. Usichague kumi za katikati palipobanana, wala za pembeni palipoachana. Chagua palipo wastani.

(Maharage yanamwagwa tena.)

MWALIMU: Tazama. Nitakupa muda mrefu kidogo, maana ndege nao hawafunikwi kwa kitambaa. Haya. Ngapi?

MZEE: Kumi kumi zilikuwa kumi na sita. Mia na sitini.

MWALIMU: Hesabu.

(Mzee anahesabu.)

MZEE: Mia sabini na moja. Nimekaribia!

MWALIMU: Umekaribia sana. Kwa ndege mia kadhaa tumia kumi. Kwa maelfu tumia mia: hesabu kumi, uone kumi mara kumi zinafika wapi, hiyo ndiyo mia yako, kisha uipeleke mia hiyo katika kundi lote. Kwa heroe waliojaa ukingo mzima hutumika hata elfu. Na watu wawili wahesabu kundi lile lile bila kusemezana, kisha walinganishe. Wakitofautiana kidogo, vema. Wakitofautiana sana, warudie. Wenye vyombo wanaweza kupiga picha na kuhesabu baadaye nyumbani, lakini picha haiondoi haja ya mazoezi. Fanyeni zoezi hili la maharage kila jioni kwa juma moja, mkiandika kisio na hesabu ya kweli kando kando, na kila mtu ataijua kasoro ya jicho lake.

MZEE: Na wanaotuona tukichezea maharage usiku?

MWALIMU: Waambieni mnayachambua. (Wanacheka.) Sasa limebaki jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko yote, nalo halihitaji darubini. Tuseme umepewa kipande cha ukingo. Umeamka saa kumi usiku, umetembea katika baridi, umefika. Hakuna ndege hata mmoja. Maji matupu. Mwenzako anasema, "Mwaka jana hapa walikuwa elfu tatu. Tukipeleka karatasi tupu watadhani tumelala. Tuandike hata mia tano." Utafanya nini?

MZEE: Mwalimu, unaniuliza mbele ya nchi nzima.

MWALIMU: Ndiyo, nakuuliza.

MZEE: Kusema kweli, kishawishi kipo. Nami si mwongo, lakini mtu hupenda safari yake iwe na faida. Mvuvi akirudi mikono mitupu huona haya hata kwa mkewe.

MWALIMU: Nashukuru kwa kusema kweli. Sasa kumbukeni lile kopo la mvua. Siku kavu huandikwa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo inayomwambia mkulima kwamba ukame umeanza. Ukiandika mia tano pale ambapo hapakuwa na kitu, umekificha kile hasa tulichokutuma ukitafute. Huenda maji yamebadilika. Huenda kuna sumu. Huenda ndege wamehamia ziwa la pili, na kundi la huko litawaona, na hesabu zitakutana. Lakini mia tano yako ya uongo itafanya wote waseme: kumbe bado wapo.

Tena kuna tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Nafasi tupu maana yake hukutazama. Sifuri maana yake ulitazama, wala hukuona. Mtu asiyefika kwa sababu ya mvua aache nafasi tupu na aandike "hatukufika". Ukichanganya hayo mawili, msomaji wa miaka ishirini ijayo atadhani ndege walitoweka mwaka ambao kumbe gari lilikwama matopeni. Na nawapa shauri moja: msiitazame karatasi ya mwaka jana mpaka mmemaliza ya mwaka huu. Aliyekwisha kuona "elfu tatu" jicho lake litatafuta elfu tatu.

MZEE: Na kama mtu mkubwa akitaka ndege wawe wengi? Tuseme ana nyumba ya wageni, na wageni huja kwa ajili ya heroe.

MWALIMU: Watu wa namna hiyo wapo, na wengine wanataka ndege wawe wachache, kwa kuwa wanalitaka ziwa. Kwa hiyo karatasi iandikwe pale pale ukingoni, kwa penseli maana wino huchuruzika ukilowa, watu wote wa kundi waisome kabla ya kuondoka, na majina yao yawe juu yake. Nakala moja ibaki kijijini.

MZEE: Hilo la nakala ndilo nilikuwa nalingoja.

MWALIMU: Ninyi mnaokaa mbali na maziwa msidhani mmeachwa. Kuna kazi nyingine, Ramani ya Ndege wa Kenya. Nchi imegawanywa katika miraba, kila mraba kiasi cha kilometa 9 kwa 9. Unachagua mraba unaokaa, unatembea humo kwa muda usiopungua saa mbili, shambani, mtoni, sokoni, na kuandika kila aina ya ndege unayoiona au kuisikia, kwa utaratibu ulioziona. Hapa hutakiwi idadi, aina tu. Wenye simu za kisasa wana programu ya kazi hiyo; penseli na daftari vilevile zatosha kuanzia. Miraba ya karibu na miji imetembelewa mara nyingi. Ile ya nchi kavu ya kaskazini na mashariki, mingine haijapata mtu hata mmoja, na huko mchungaji wa ngamia akijua ndege wake ataandika mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyaandika.

Anayetaka kuingia katika hesabu ya Januari aulize mapema, tuseme Novemba, katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, ambapo chama cha Nature Kenya kina ofisi yake, au kwa maofisa wa Shirika la Wanyamapori katika ziwa lililo karibu naye. Asiye na darubini aseme hana. Atawekwa pamoja na mwenye nayo.

Wakati wetu unakwisha. Mzee, una neno?

MZEE: Nina mashua. Naivasha huwezi kuhesabu yote kwa miguu, mafunjo yameziba ukingo. Wakija Januari nitawachukua. Lakini mimi nitaishika penseli, na wao watazame.

MWALIMU: Nitawapelekea habari hiyo. Wasikilizaji, kazi ya juma hili ni hii: zoezi la maharage mara kumi, kisio na hesabu kando kando, kisha chagueni mahali pamoja karibu na nyumbani, mti au dimbwi, mkae hapo nusu saa asubuhi tatu mfululizo, saa ile ile, mkiandika kila ndege. Asubuhi isiyo na ndege, mnajua la kuandika. Leteni madaftari yenu darasani siku ya somo lijalo. Kwa herini.

MZEE: Kwa herini.